Meno Yasigusane

Jumatatu, 30 Agosti 1954

Nimenunua daftari hili kwa sababu ya meno. Nikimwambia mtu hivyo atacheka, basi nitaliambia daftari lenyewe.

Leo dresa Eliasi, mfunga vidonda wa hospitali, amenimulika kinywani kwa tochi. Akaguna. Amesema magego yangu yamelika vichwa kama ya ng'ombe mzee. Aliuliza nina umri gani. Ishirini na mitatu, nikasema. "Basi meno yako yamekutangulia," akasema.

Kila asubuhi taya linauma, kama nimetafuna miwa usiku kucha. Kichwa kinabana pande zote mbili. Lakini nilikwenda na swali moja tu, nalo nilikaa nalo benchi saa mbili nzima: je, ni kifafa? Amesema hapana. Mwenye kifafa huanguka, hukakamaa, huzinduka hajui alipo. Mimi nasaga meno tu, usingizini. Na minyoo? Nyumbani wote husema mtu anayesaga meno ana minyoo. "Minyoo ina kesi zake nyingi," akasema, "hii usiisingizie."

Kwa nini basi? Hajui. Amesema mara nyingi ni mzigo wa mchana ambao mtu hakuutua. Niandike kila asubuhi nimeamkaje, na kila jioni siku imepitaje. "Wewe ni karani, kuandika hakukushindi." Na mchana nichunge: midomo ifungwe, meno yasigusane.

Wa kwanza kunisikia ni Koikai. Tunapanga chumba kimoja hapa Kaloleni, mjini Arusha, na yeye ni kaka yake Nanyori, mchumba wangu. Hapo ndipo ubaya ulipo! Angekuwa mtu baki ningehama tu. Jana asubuhi aliketi kitandani kwake, macho mekundu, akaniuliza: "Shemeji, unasaga mahindi ya nani? Niambie nilete kuku, wale pumba." Nilicheka. Yeye hakucheka sana. Alisema baba yake hatoi binti kwa mtu mwenye ugonjwa uliofichwa, na yeye Koikai hawezi kumficha baba yake milele. Amenipa mpaka mwisho wa Septemba.

Harusi ni Desemba. Sijamwona Nanyori tangu Julai.

Jumanne, 31 Agosti

Nimeamka vizuri. Taya jepesi. Koikai anasema nilisaga kidogo tu, "kama panya mwenye adabu".

Kazini: kupiga chapa barua kumi na moja, kupanga mafaili. Nimejichunga. Ajabu – kila nikikosea herufi nakuta meno yamebanana. Nimejitia nukta ya wino kwenye ukucha wa gumba. Nikiiona naachanisha.

Nimemkumbuka Nanyori akifukiza vibuyu vya maziwa. Alikuwa ameinama mlangoni, moshi unampita shingoni, akaniambia bila kugeuka kwamba nasimama kwenye mwanga wake. Ni hayo tu aliyosema siku ile. Nimeyasikia mara mia.

Alhamisi, 2 Septemba

Baraza ofisini tangu saa tatu. Wazee wa kutoka magharibi, habari ya kuni na mkaa. Bwana, Mzungu mkuu wa ofisi yetu, husema Kiingereza, mimi natia Kimaa. Wazee husema Kimaa, mimi natia Kiingereza. Saa nne za kusimama kati yao. Wameondoka wametulia. Bwana amesema mimi ni mkalimani mzuri kwa sababu kwenye mabaraza yangu hakuna kelele.

Jioni sikuweza kula nyama. Taya lilikataa.

Ijumaa, 3 Septemba

Vibaya. Kichwa kimepasuka. Koikai alinitupia kiatu mara mbili, na vyote viwili viko kitandani kwangu kama ushahidi.

Jumapili, 5 Septemba

Ibada. Mchungaji alihubiri habari ya hukumu. Katika darasa la kipaimara tulifundishwa wanaosaga meno wako wapi, na nilijiona kama watu wote wananigeukia. Hakuna aliyegeuka.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Ndiye aliyekataa nisitolewe meno mawili ya chini nilipokuwa mdogo, kama watolewavyo watoto wote kwetu. Bibi alimsihi. Alisema meno yakifunga siku ya ugonjwa, mtoto atanyweshwa maziwa kupitia wapi? Baba akasema atanyweshwa na Mungu. Kwa hiyo mimi ni Mwarusha mwenye meno yote. Koikai ana pengo lake zuri, hufyatulia mate hapo mbali kama hatua tatu. Leo amesema: "Ungeng'olewa kama sisi, shemeji, usingekuwa na ya kusaga." Nikamwambia nasaga ya nyuma, si ya mbele. Akasema basi wang'oe yote, Nanyori atakutafunia.

Jioni nimekata kipande cha ngozi kwenye kiatu changu kikuukuu, nimekichemsha, nimekikunja. Nitakiuma nikilala. Akili yangu mwenyewe.

Jumatatu, 6 Septemba

Nusura nife. Ngozi ilirudi kooni. Koikai alinipiga mgongoni mpaka nikaitapika, kisha akasema, "Sasa unakula na viatu! Mahari yetu tutaidai mapema."

Jumatano, 8 Septemba

Eliasi ameifokea ngozi yangu. Nisitie kitu chochote kinywani, nitakufa kwa ujinga na si kwa meno. Kuna daktari wa meno anayeweza kutengeneza kibao kinachokaa vizuri, lakini hapiti Arusha mpaka mwakani. Kwa sasa: kitambaa cha maji ya moto mashavuni kabla ya kulala. Chai nisinywe baada ya jua kuzama. Nikae kimya robo saa, taya nililegeze, lining'inie. Tena niendelee kuandika.

Nimefanya hivyo. Nilikaa na kitambaa cha moto usoni, macho nimefumba. Nikawaza siku ambayo mkono mwingine ndio utakaokiweka kile kitambaa. Kisha nikaogopa wazo lenyewe. Mwanamke alale kando ya mtu anayenguruma kama jiwe la kusagia? Usiku wa kwanza tu angerudi kwa mama yake.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimekaa na daftari kama ninavyokaa na faili. Wiki mbili. Koikai amenisaidia: kila asubuhi alikuwa anachora mstari wa chaki nyuma ya mlango, mmoja kwa usiku mwepesi, miwili kwa mzito, mitatu kwa kiatu. Nimeihamisha yote hapa, nikaandika mbele yake nilichokula, nilichokunywa, nilichofanya.

Si maharage. Si chai, au si chai sana. Si mbalamwezi, alivyodhani Koikai.

Mistari mitatu: Alhamisi ya tarehe 2. Jumanne ya tarehe 7. Ijumaa ya tarehe 10. Siku hizo tatu nilikuwa nakalimani. Siku za kupiga chapa, mstari mmoja. Jumapili, mmoja au hakuna.

Nimeitazama orodha muda mrefu. Jambo hili nalijua. Ninaogopa kuliandika hata hapa.

Jumanne, 14 Septemba

Naandika. Daftari nalifungia kwenye sanduku, na ufunguo ninao shingoni.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 19 Agosti. Tulikwenda na Bwana mpaka Oldonyo Sambu, kwenye baraza la mpaka wa msitu. Wazee walikaa kwenye majani. Aliyesimama kusema kwa niaba yao ni mzee Lesikar – baba yake Nanyori na Koikai. Alisema majani ya chini yamekwisha, wanaomba ng'ombe wapande juu ya mawe ya mpaka hadi mvua ije. Alisema wamekuwa wakifanya hivyo mwaka mmoja mmoja tu, wa ukame.

Bwana akaniambia hivi. Naandika kama alivyosema: "Mwambie huyo mzee ni mwongo. Kila mwaka anapandisha. Mwisho wa Septemba nitaleta askari, na kila ng'ombe nitakayemkuta juu ya mawe atakamatwa na kupigwa mnada. Sitasema mara ya pili."

Mimi nikageuka. Lesikar ananitazama. Tangu nilipompa kondoo wa kwanza wa uchumba haniiti jina, ananiita Paker, jina la waliopeana kondoo, nami namwita vivyo hivyo. Mbele yake sisemi kwa sauti. Siketi kabla hajaketi. Je, ningefunguaje kinywa hiki nimwambie baba mkwe, mbele ya rika lake lote, kwamba ni mwongo?

Nikasema: "Bwana anasema ameisikia shida ya majani. Anaomba mwe waangalifu huko juu. Mwisho wa Septemba atakuja tena kuangalia."

Wazee wakaitikia kwa furaha. Lesikar akanitemea mate ya baraka kiganjani. Bwana akauliza, "Wanasemaje?" Nikasema wameelewa. Kesho yake nikapiga chapa kumbukumbu ya baraza, na chini nikaandika kwamba maneno yote yametafsiriwa na kueleweka, nikatia sahihi.

Kumi na tisa Agosti. Wiki hiyohiyo Koikai alisikia meno yangu kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 15 Septemba

Mistari miwili. Nilidhani nikiandika itaisha. Haijaisha.

Alhamisi, 16 Septemba

Najitetea: huenda hawajapandisha. Lesikar ni mtu wa hadhari. Huenda mvua za vuli zikawahi. Huenda Bwana akasahau. (Bwana hasahau. Tarehe iko kwenye kalenda yake, ameizungushia penseli nyekundu. Kalenda niliitundika mimi.)

Wiki iliyopita nilimwandikia Nanyori. Ya meno tu. Nilimwambia ni heri alijue kwangu kuliko kwa kaka yake. Koikai ni utingo wa lori la mbao, hupita Oldonyo Sambu kila Jumamosi. Nimengoja jibu. Sijawahi kuisubiri Jumamosi hivi.

Jumamosi, 18 Septemba

Jibu limekuja! Karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama tumbaku ya kunusa. Koikai alinizungusha nayo chumba kizima kabla ya kunipa, akidai kwanza nimwimbie.

Nainakili:

"Kwa Gidion. Salamu. Nimesoma habari ya meno. Nilidhani utaniambia una mwanamke mjini, nikaogopa, kumbe ni meno. Bibi yangu hukoroma mpaka ndama wanaamka. Mjomba huimba. Mimi mwenyewe wanasema naongea usingizini, tena uongo mtupu. Ukisaga nitakugusa shavu, utaacha. Ukikataa kuacha nitakupiga. Huku ni vumbi tu. Baba amepandisha ng'ombe wote juu ya mawe tangu juzi, hata wa mama, maana ulituambia Bwana hana neno. Watu wanasema tumepata mkwe ofisini, sasa tutapumua. Nakaa nahesabu miezi. Ni mimi Nanyori."

Nitakugusa shavu. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelegea.

Na ule mwingine nimeusoma mara moja. Ng'ombe wote. Hata wa mama.

Jumatatu, 20 Septemba

Nimeingia kwa Bwana saa nne. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu jana: Bwana, siku ile sikutafsiri sawasawa, kosa ni langu, naomba wazee waongezewe mwezi. Akainua kichwa. "Nini?"

Nikasema utepe wa taipureta umekwisha.

Akanipa utepe mpya. Ule wa zamani haukuwa umekwisha hata nusu. Nimeutupa, nimerudi kukaa, meno yamebanana mpaka masikio yakalia. Nukta ya wino naiona, naiona kabisa, na taya halisikii.

Jumanne, 21 Septemba

Mitatu. Kipande cha gego kimevunjika usiku. Nilikikuta ulimini asubuhi, kidogo kama punje ya mtama. Koikai alikiona. Hakutania. Aliniuliza: "Gidion, kuna nini?" Ameniita jina. Nikasema hakuna.

Alhamisi, 23 Septemba

Nimempelekea Eliasi kipande cha gego na daftari – si lote, orodha tu. Akapitisha kidole mstari kwa mstari. Aliuliza siku za mistari mitatu nafanya kazi gani. Nikasema nakalimani. Akauliza je, nasema yote ninayoambiwa?

Nikafunga daftari. Akasubiri. Nje wagonjwa walikuwa wanamwita.

Akasema yeye huitwa kutafsiri pale daktari anapomwambia mtu kwamba hataishi. Zamani alikuwa anasema "utapona polepole". Watu wakarudi nyumbani hawakuaga, hawakugawa shamba, wakafa ghafla mikononi mwa wenzao. Mama mmoja alirudi kumuuliza kwa nini. "Tangu siku hiyo nasema," akasema. "Nasema kwa upole, lakini nasema. Kitambaa cha moto kitakusaidia taya, Gidion. Hilo jingine mimi sina dawa yake."

Kisha akaniambia nitafunie upande wa kulia.

Ijumaa, 24 Septemba

Nimemwambia Koikai. Nilidhani atanipiga. Akafuta mistari ya chaki mlangoni kwa kiganja, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kazi ya mikono. Akasema, "Kesho lori linaondoka saa saba. Utasema mwenyewe. Mimi sitii neno."

Nikimwambia Lesikar, nampoteza Nanyori. Nisipomwambia, Alhamisi askari watapanda. Hakuna njia nyingine, nimezitafuta zote.

Jumapili, 26 Septemba. Oldonyo Sambu

Naandika nimeketi juu ya gogo nje ya zizi. Zizi ni tupu. Sijawahi kuliona tupu.

Tulifika jana alasiri. Niliinamisha kichwa, Lesikar akanigusa utosini, akauliza habari za mjini, za kazi, za Bwana. Maziwa yakaletwa. Aliyeyaleta ni Nanyori. Amekonda kidogo, au amerefuka. Alitabasamu akiangalia kibuyu, si mimi, nami nikajua tabasamu ni langu. Sikuyanywa. Nilisema nina neno, na nikilisema huenda wasitake kunipa maziwa tena, kwa hiyo yakae kwanza.

Nikalisema. Nililizunguka sana, kwa adabu, kwa macho chini. Lesikar akanisimamisha. Akataka kujua Bwana alisemaje hasa. Nikasema siwezi kuyatamka mbele ya baba. Akasema, "Sijauliza wewe unasemaje. Nimeuliza yeye alisemaje. Simama. Simama pale alipokuwa amesimama. Kwa muda huu wewe si mkwe wangu, wewe ni mdomo wake."

Nikasimama. Nikasema yote. Mwongo, nikasema. Askari, nikasema. Mnada. Sitasema mara ya pili. Sauti yangu ilitoka kubwa, kubwa kuliko nilivyoijua. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta, nikasikia chungu kikiwekwa chini. Nanyori alisimama palepale na kibuyu mkononi. Hakutabasamu tena.

Lesikar alikitazama kivuli cha nyumba mpaka kikafika miguuni pake. Kisha akasema, "Siku thelathini na zaidi nimekula na kulala nikidhani nimepewa ruhusa." Akawaita morani wawili, akawatuma juu usiku huohuo wakateremshe ng'ombe. Kuteremsha ni siku mbili. Na huku chini hakuna jani hata la kumpa mbuzi, wakishuka tu wataanza kufa. Hilo analijua, nami nalijua.

Nilidhani atanifukuza. Alisema tu: "Alisema mimi ni mwongo. Hilo nina jibu lake. Ningelitoa siku ileile, kama ungenipa nafasi." Kesho Jumatatu atashuka mjini na wazee wanne. Ataomba siku zaidi mpaka majani yaote, na atamjibu Bwana neno kwa neno, nami nitasimama kati. "Utayabeba maneno yangu kama ulivyoyabeba yake leo. Hata moja lisidondoke njiani." Habari ya harusi, akasema, itazungumzwa na wale watakaokuwa na ng'ombe.

Nililala na Koikai katika nyumba ya vijana. Asubuhi nilimuuliza. Alisema, "Umesaga. Mara moja, kisha ukaacha." Sijui kama ni kweli au ananihurumia.

Nanyori amepita na kuni mara mbili. Mara ya pili alisimama. Aliuliza bila kunitazama: "Barua yangu uliisoma?" Nikasema nimeisoma. "Yote?" Yote. Akasema, "Na bado ulikaa wiki nzima." Akaenda.

Wiki nzima. Angenipiga ingeuma kidogo kuliko neno hilo, au isingeuma kabisa. Nilitaka kumwambia kwamba wiki hiyo nilikuwa nikiishi kwa mstari wake mmoja. Lakini kweli hiyo nayo ni mbaya.

Jumatatu, 27 Septemba. Ofisini

Saa mbili kasorobo. Naandika mezani, daftari chini ya faili la mpaka.

Wazee wamewasili na lori la alfajiri. Wamekaa kwenye majani chini ya dirisha. Lesikar amenifundisha maneno yake njia nzima, juu ya mbao, kwenye upepo, na kila nilipolainisha alinirudisha mwanzo. Ni makali. Kuna moja sijui kama karani aliwahi kumwambia Mzungu katika ofisi hii. Naweza kufukuzwa leo. Naweza kushtakiwa kwa ile sahihi.

Nanyori amekuja nao. Sikutegemea. Amesema ametumwa kubeba maziwa ya wazee, na Koikai akakohoa. Ameketi kando ya ukuta, karibu kabisa na dirisha, mahali ambapo Kimaa changu kitasikika chote. Naona kitambaa chake cha kichwa na sikio moja. Mita mbili. Tangu Julai sijawa karibu naye kiasi hiki kwa muda mrefu kiasi hiki, na siwezi hata kusema habari za asubuhi.

Gari la Bwana limeingia.

Amepita mezani kwangu. Amewaona nje. Ameuliza, akivua kofia, kama wazee wangu wametulia leo kama siku zote.

Nimesema hapana.

Alisimama, kofia mkononi. Akasema nimpe dakika tano, kisha niwaingize.